Makutano ya Uyole yakijengewa barabara ya juu, sisi tulio kandokando tunabaki wapi?

Kijana wa Uyole

Wakuu, salaam. Naandika kwa niaba ya mzee wangu, aliyejenga nyumba Uyole, jijini Mbeya, mwaka 1991, jirani na pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma. Wanaopita pale wanajua hali ilivyo: malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Dar es Salaam, magari yanayoshuka hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, daladala na bajaji za mjini, yote yanagombea makutano mamoja, na ikifika jioni hata mtembea kwa miguu hajui avukie wapi. Sasa wapima wamepita mtaani kwetu mara mbili, na maneno yaliyoenea ni kwamba patajengwa barabara ya juu ili magari yasikutane.

Sina ubishi na haja ya ujenzi wenyewe. Ninachotaka kufahamu ni mambo mawili. Kwanza, mzee ana nyumba na mbele yake fremu 2 za biashara alizoongeza mwaka 2012. Je, ana haki ya kulipwa fidia? Pili, wale ambao nyumba zao hazitaguswa wana lolote la kudai, au washukuru tu kwamba wamepona?

Mthamini Mstaafu

Kijana wangu, mpe mzee pole, kwa maana kungoja kuwekewa alama ya X ya kubomolewa ni adhabu kabla ya hukumu. Kabla ya kuuliza kama atalipwa, chukueni futi kamba, mpime kutoka katikati ya barabara iliyopo hadi kwenye ukuta wa fremu, kisha hadi kwenye ukuta wa nyumba. Hizo namba mbili zitajibu nusu ya swali lako.

Sababu ni hii. Sheria ya zamani, ya mwaka 1932, ilitenga kwa barabara kuu hifadhi, yaani eneo la barabara lisilojengwa, ya mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za 2009, ikaipanua hadi mita 30. Kwa hiyo, aliyejenga ndani ya mita 22.5 anahesabiwa kuwa aliifuata barabara, na kwa kawaida halipwi. Lakini aliyekuwa kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria mpya, huyo barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili fidia. Ndiyo maana mara nyingi utaona X nyekundu kwa wa kundi la kwanza na X ya kijani kwa wa kundi la pili. Makutano ya barabara za juu, hata hivyo, huhitaji eneo pana kuliko hifadhi, na ardhi itakayochukuliwa nje ya mita 30 ni lazima itwaliwe na kulipiwa kama ardhi nyingine yoyote.

Fidia si bei ya matofali peke yake. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya miezi 36, na fidia ya kupotea kwa faida ya biashara, nayo kwa miezi 36. Hii ya mwisho wengi huikosa kwa sababu hawana hesabu za biashara zinazoweza kukaguliwa, kwa hiyo daftari la mzee lianze kuandikwa vizuri leo. Tena malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanadai riba, na uthamini wenyewe, kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, hudumu miaka 2 tu. Ukipita kabla ya kulipwa, unafanywa upya. Nimeona familia zikiacha kupaka hata rangi kwa muda mrefu zikingoja hundi, huku bei ya saruji ikipanda.

Fundi wa Madaraja

Mzee mwenzangu hapo juu amemaliza upande wa sheria. Mimi nizungumzie swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, kwa kuwa mwenye X ana karatasi ya kudai lakini aliyeachwa mita 3 nje ya mstari hana kitu mkononi.

Fikirini vipimo. Lori lipite chini kwa usalama linahitaji nafasi ya takriban mita 5.5, ongeza unene wa daraja lenyewe, na njia ya juu inakuwa mita 7 hivi kutoka ardhini. Malori yaliyosheheni hayawezi kupandishwa mwinuko mkali, kwa hiyo tukichukua asilimia 4, yaani kupanda mita 4 kwa kila mita 100, kila upande unahitaji mwinuko wenye urefu wa mita 175 au zaidi. Sehemu kubwa ya urefu huo si nguzo zilizo wazi, ni tuta la udongo lililobanwa kwa kuta, kwa sababu tuta ni nafuu. Kwa mwenye nyumba jirani, hilo ni ukuta. Duka lililokuwa likitazama barabara sasa linatazama zege, na mtoto aliyekuwa akivuka kwenda shule anazunguka.

Halafu kuna maji. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maji yanateremka kutoka milimani kwa kasi. Lami pana haimezi tone. Kama makaravati yamepigiwa hesabu ya barabara ya zamani, maji yatatafuta njia sebuleni kwa watu.

Mambo haya yote, yaani barabara za pembeni za kuingilia mtaani, vivuko vya waenda kwa miguu, na ukubwa wa mitaro pamoja na inakomwaga maji, hurekebishwa kwa kalamu wakati wa usanifu. Mkandarasi akishaingia kazini, kila badiliko ni gharama mpya na jibu huwa ni hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike na wananchi washirikishwe. Mkutano huo ukiitishwa, msiende kuuliza fidia pekee. Ombeni mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa, mkauone wenyewe kwa macho.

Muuza Viazi

Niongeze la biashara. Uyole inaishi kwa sababu gari linasimama. Ndizi za Tukuyu, viazi, parachichi, vyote vinauzwa dirishani mwa basi. Gari likipita juu halinunui kitu, na sisi tunaouza kwenye meza hatumo kwenye fomu ya mthamini yeyote. Tuombe basi kituo na eneo la soko viwekwe ndani ya mchoro huohuo.

Pia msisahau makaburi. Familia nyingi za huku zimezika nyumbani, na kuhamisha kaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969. Yaorodheshwe mapema, maana wakati wa uthamini watu huhesabu miti wakasahau wazee.

Kijana wa Uyole

Nawashukuru sana, shikamooni wazee wangu. Jana jioni tumepima tukiwa na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Ukuta wa nyumba unaanzia mita 26, na fremu ziko mita 21. Mzee alikaa kimya kidogo, akasema nyumba italipwa lakini fremu ndizo zinazomlisha. Makaburi ya babu na bibi yako mita 34, nyuma ya nyumba, nayo nimeyaandika. Jumatatu nakwenda ofisi ya kata kuulizia huo mchoro, na nitaulizia mtaro wa upande wetu unamwagia wapi.