Tarehe inarudi nyuma siku moja objekti inapogeuzwa kuwa JSON

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Ninatumia Java pamoja na maktaba ya Jackson, na objekti yangu ina tarehe ya miadi ya aina ya java.util.Date. Mwanzoni JSON (maandishi ya kubadilishana data kati ya programu) ilitoa 1709240400000, nambari ambayo msomaji hawezi kuielewa kwa kuitazama. Nilipoongeza @JsonFormat(pattern = "yyyy-MM-dd") nilipata maandishi niliyoyataka, lakini miadi ya tarehe 1 Machi 2024 ikatokea kama 2024-02-29. Seva yangu iko saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia. Kosa liko wapi?

Jibu la 1

Ndugu, hapo hakuna kilichoharibika. Kila upande umefanya kile ulichoamriwa. JSON haina aina ya data iliyo maalumu kwa tarehe, kwa hiyo ni maktaba inayoamua iandike nini, na Jackson isipoelezwa kanda ya saa hutumia UTC. Date yako haihifadhi siku ya kalenda, bali nukta moja ya wakati iliyohesabiwa kwa milisekunde tangu 1 Januari 1970. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Machi kwenye seva yako ni saa 21:00 ya tarehe 29 Februari kwa UTC, na muundo wako ukaikata saa ukabakiza siku.

Ukiongeza timezone ndani ya @JsonFormat tatizo litaondoka, ila mimi naona hicho ni kiraka tu. Kama unachotaka ni siku peke yake, tumia LocalDate, ambayo haina saa wala kanda ya kuipotosha. Sajili JavaTimeModule (moduli inayoiwezesha Jackson kuelewa LocalDate) kwenye ObjectMapper, yaani kile chombo cha Jackson kinachogeuza objekti kuwa JSON, kisha uzime kipengele cha WRITE_DATES_AS_TIMESTAMPS, kinachoandika tarehe kwa nambari. Usipoizima, Jackson 2 itakuandikia [2024,3,1].

Jibu la 2

Naunga mkono, na naomba mwenzetu azichunguze pia herufi za muundo, kwa sababu makosa yake hujificha muda mrefu. MM ni mwezi, mm ni dakika. YYYY ni mwaka unaohesabiwa kwa wiki: ukiiandika badala ya yyyy, tarehe 30 Desemba 2024, iliyo ndani ya wiki ya kwanza ya 2025, itatoka 2025-12-30, ilhali majaribio yote uliyoyafanya katikati ya mwaka yalipita salama.

Pale unapohitaji siku na saa pamoja, tumia Instant (aina ya Java ya nukta moja ya wakati), itoke kwa mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, kama 2024-03-01T06:30:00Z, na kazi ya kuipamba kwa macho ya mtumiaji iachie programu inayoionyesha.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nimehamia LocalDate na sasa napata "2024-03-01". Hata hivyo ripoti moja iliendelea kutoa mabano yenye nambari, hadi nilipogundua kwamba darasa lake lilijiundia new ObjectMapper() ya peke yake, likasajili moduli bila kuzima kile kipengele.

Jibu la 1

Basi ifute hiyo, na madarasa yote yapokee ObjectMapper moja iliyopangwa mahali pamoja. Rekodi za zamani za Date zigeuze kwa toInstant().atZone(...).toLocalDate(), ukitaja kanda ile ile iliyotumika zilipohifadhiwa. Ukitaja UTC, ile siku moja itapotea tena.