Paa la nyumba yangu halifai kufungwa sola, nifanyeje wakuu?

Kijumba_Changu (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri wa haraka maana hata usingizi sipati. Nataka kufunga sola nyumbani, ya friji, taa, televisheni na pampu ndogo ya maji. Mafundi wawili wameshakuja kutazama. Wa kwanza aliangalia paa kutoka chini akasema halifai, akaondoka bila hata kupanda ngazi. Wa pili anasema linafaa, na ndiye anayesubiri nimwambie lini aje. Nani amewahi kufunga kwenye paa lenye matatizo? Na hizi stendi za chini, za kusimamisha paneli ardhini, zinafanya kazi kweli au ni kupoteza umeme njiani? Naomba wenye uzoefu, wa kunitisha wapite tu.

Mzee_wa_Waya
"Halifai" ni neno pana, mdogo wangu. Halifai kwa lipi? Limegeukia upande usio na jua? Lina kivuli cha mti? Kenchi zimeliwa na mchwa? Ni la nyasi? Kila moja lina dawa yake. Taja, na useme eneo la wazi kuzunguka nyumba lina ukubwa gani.

Dada_Mwangaza
Mimi nilifunga ukutani na wala sijutii. Paneli zimesimama wima upande unaopigwa na jua la alasiri, vumbi halikai, na kunguru hawazigusi. Ila niseme ukweli, kwa sisi ambao jua la mchana linakaa utosini, paneli ya wima inapata kidogo saa zile ambazo mwenzake wa juu ya paa anavuna. Wanaofaidi sana ukuta ni wale wa mbali na ikweta, jua lao la baridi linapita chini chini. Mume wangu alinicheka mwanzoni, siku hizi akija mgeni anamtoa nje kwenda kuoneshwa.

Kobe_Mwendo
Watu mnarukia paneli kabla ya kujua mnatumia nini. Friji ya zamani peke yake inaweza kumeza nusu ya mfumo. Andika wati za kila kifaa na saa kinazowaka, ubadilishe kinachokula sana, halafu ndiyo uulize habari ya paa. Kizazi hiki hakina subira.

Mpangaji_Mwenzenu
Wa ghorofani nasi tukumbukwe. Ujerumani tangu 2024 mtu anaruhusiwa kutundika paneli barazani na kuchomeka kwenye soketi, mradi inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, isizidi wati 800. Hakuna paa, hakuna kutoboa, ukihama unahama nazo. Lakini ukiiga, uliza kwanza sheria ya unapoishi inasemaje kuhusu kurudisha umeme kwenye nyaya za nyumba.

Kijumba_Changu
Asanteni. @Mzee_wa_Waya paa limechoka kidogo tu, kenchi ni nzima, mbao za zamani ngumu. Mimi naomba mnieleze habari za stendi, ya paa niachieni.

Mzee_wa_Waya
Hapana. Fundi anayekimbia kazi bila kupanda ngazi ameona kitu. Bati bovu halimkimbizi fundi, anakuambia ununue jipya na anakutajia bei. Paa ni la nini?

Kijumba_Changu
Haya. Ni yale mabamba ya kijivu ya mawimbi, ya simenti, ya zamani. Nyumba aliiacha marehemu baba. Fundi wa kwanza alisema ni asbesto, yaani simenti yenye nyuzi za madini ndani yake. Lakini tumekulia chini ya paa hilo sisi wote na hakuna aliyeugua. Halafu paneli nimeshanunua, sita za wati 450, zimeegemezwa sebuleni watoto wanazizunguka. Siwezi kuzirudisha. Fundi wa pili alishatoboa matundu mawili ya kujaribu, na anasema akimwagia maji vumbi halipandi. Kwa fremu yote ni matundu machache tu. Ndiyo maana sikutaka kulitaja, najua mngeacha kunijibu swali langu.

Nesi_wa_Zamu
Ndugu yangu, nisikilize kwa utulivu. Bamba la asbesto likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo, huenda ndiyo maana hakuna aliyeugua hadi leo. Hatari inaanza linapotobolewa, kukatwa au kuvunjwa. Nyuzi zake ni ndogo mno, huzioni, huzinusi, na hazikukereketi koo. Zikishaingia kwenye pafu zinaweza kubaki humo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, ya mapafu na ile ya utando unaozunguka mapafu. Na hizo hazitokei mwaka huu wala ujao, zinachukua miaka 20, 30, hata 40. Kwa hiyo "hatujaugua" haikupi jibu, hasa kwa hao watoto wa sebuleni.

Hayo matundu mawili: vumbi lililoanguka msilifagie kavu, wala msilipulize. Lilowesheni taratibu, futeni kwa kitambaa chenye maji, kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na mfuko juu yake. Matundu yazibwe. Na kama mnakinga maji ya mvua kutoka kwenye gata la upande huo, yaachieni yapite kwanza.

Kijumba_Changu
Nashukuru dada, lakini fundi huyu ni mzoefu, amefanya nyumba nyingi. Na maji si yanazuia vumbi?

Nesi_wa_Zamu
Yanapunguza, hayazuii. Drili ya umeme inarusha vumbi kabla maji hayajafika ndani ya tundu. Huko nchi nyingi zilikopiga marufuku asbesto, Uingereza tangu 1999 na Umoja wa Ulaya wote kufikia 2005, kazi za namna hiyo zina masharti yake, si ndoo ya maji na mtu kifua wazi.

Babu_Juma_K
Mimi nataka kusema jambo jingine kabisa. Mabamba hayo yakizeeka hayabebi mtu. Shemeji yangu alipanda kuziba panapovuja, akakanyaga katikati ya papi mbili, akapita hadi chini. Alivunjika nyonga, na ndoa yake nayo iliyumba kwa ile miezi ya kulazwa, maana mke ndiye alikuwa anambeba. Sasa wewe unataka kupandisha watu na paneli za kilo 20 na ushee moja moja. Tukiacha habari ya vumbi, huyo fundi wako atapita na paneli yake mkononi.

Jicho_Kavu
Mimi naona hii ni chai. Tazameni. Mwanzo "paa limechoka kidogo", akibanwa linageuka asbesto. Kwanza fundi "anasubiri jibu", kumbe ameshatoboa. Na swali la pili la uzi, kabla hatujajua lolote, lilikuwa ni stendi za chini. Mtu mwenye uwanja wa kuweka stendi anahangaika na paa la asbesto kwa nini? Eneo la wazi aliulizwa mapema na mpaka sasa hajajibu. Subirini, jioni ataingia mtu kutuambia stendi nzuri zinapatikana kwake.

Kobe_Mwendo
Hata mimi nilishtuka kidogo hapo kwenye uwanja.

Dada_Mwangaza
Jicho, watu wakiwa na hofu wanaeleza vipande vipande. Mwache ajibu.

Mpangaji_Mwenzenu
Basi aweke picha ya hilo paa tumalize.

Kijumba_Changu
Picha siweki, nyumba inatambulika na ndugu zangu wamo humu. Nitaeleza. Pembe ya bamba lililo juu ya mlango wa nyuma ilivunjika zamani, na pale palipovunjika kuna vinyuzi vyeupe vimechomoza kwenye simenti, laini kama unywele wa mtoto mchanga. Kwa juu limeota ukungu wa kijani, na misumari yenye kofia za risasi imeliwa na kutu. Anayejua mabamba hayo anajua ninachosema. Siuzi kitu.

Na kuhusu uwanja. Upo, nyuma ya nyumba, mkubwa na hauna mti. Lakini ni wa urithi, hatujagawana. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeusimamia, na tangu msiba wa baba hatuongei vizuri. Nikichimba shimo moja la nguzo pale atasema nimeanza kujimegea. Paa halina mwenye kuniuliza, nyumba nilipewa mimi. Ndiyo sababu nilimpenda fundi wa pili, sikatai.

Jicho_Kavu
Kama ni hivyo nimekuelewa. Kofia za risasi mtu hatungi.

Babu_Juma_K
Nenda kwa kaka yako, mwanangu. Usipeleke habari ya ardhi, peleka habari ya watoto na hilo vumbi. Mkubwa akiombwa ulinzi wa watoto hakatai kirahisi.

Mzee_wa_Waya
Sasa tunafanya kazi. Kwanza, si kila stendi inachimbwa. Ipo fremu ya chuma inayokaa juu ya ardhi na kukandamizwa na vitalu vya zege. Haina shimo wala nguzo ya kudumu, ukitakiwa uondoke unaifungua unaondoka nayo. Mwambie kaka hivyo, na ikiwezekana muandikiane mbele ya mtu mnayemheshimu wote.

Paneli zako sita zinataka kama mita za mraba 13. Zikikaa chini uzito si kitu, adui ni upepo unaoingia kwa nyuma na kunyanyua. Idadi ya vitalu usikisie kwa macho, dai jedwali la upepo kwa anayekuuzia fremu. Ukingo wa chini uinuke angalau nusu mita, majani yasiote mbele yake na matope ya mvua yasiruke. Kusini mwa ikweta uso unatazama kaskazini, kaskazini mwa ikweta unatazama kusini. Ukiwa karibu na ikweta zilaze kwa mwinamo mdogo tu, digrii 10 hadi 15, ili mvua ioshe.

Swali lako la kupoteza umeme njiani ni zuri na watu walilipita. Inategemea unavyounga. Chukua mita 40 hadi kwenye inveta, waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Ukiziunga zote sita mfululizo unapata kama volti 246 kwa ampea 11, na njiani unapoteza volti 4 na kitu, chini ya asilimia 2. Ukiziunga mbili mbili, mafungu matatu sambamba, ni volti 82 kwa ampea 33, na waya uleule unakula volti 13, karibu asilimia 16. Paneli zilezile, jua lilelile. Lakini soma kibandiko cha inveta kwanza: sita mfululizo bila mzigo zinakaribia volti 300, na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. Umeme huo unaua, na jua likiwaka paneli haina swichi. Waya uzikwe ndani ya bomba, fremu iwe na ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na breka iwe ya umeme wa DC, huo unaotoka kwenye paneli, siyo ile ya kawaida ya ukutani.

Faida moja ambayo wengi hawaijui, paneli ya chini inapata hewa nyuma. Kila digrii moja ya joto la paneli juu ya 25 za Selsiasi inapunguza uzalishaji kwa kama asilimia 0.3 hadi 0.4, na juu ya paa la moto digrii hizo ni nyingi.

Kijumba_Changu
Mzee, Mungu akuweke. Fundi nimemwambia asije, amekasirika, anasema hela ya siku yake nimlipe. Kwa kaka nitakwenda na shangazi. Lakini nauliza, akikataa kabisa, nikijenga banda la gari ubavuni mwa nyumba, ndani ya eneo langu, paneli ziwe ndiyo paa lake? Upande ule kuna nguzo ya taa.

Mzee_wa_Waya
Linawezekana, mradi nguzo za banda zisimame zenyewe na hakuna boriti inayoegemea wala kutobolea paa la nyumba. Nguzo ya taa ndiyo ya kuangalia. Paneli nyingi zina dayodi tatu, vipande vya kupitishia umeme kando ya seli zenye kivuli, kwa hiyo kivuli chembamba kikilala juu ya safu moja ya seli kinaweza kuzima theluthi nzima ya paneli hiyo. Simamisha fito penye banda, kimo cha paa lake, utazame kivuli cha nguzo kinapofika saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 9 alasiri. Kikiigusa fito wakati wowote kati ya hizo, lisogeze banda. Kisha rudi na vipimo hapa kabla ya kununua chuma.