Amri, agizo, waraka: kipi kinambana mwananchi?

Mleta mada: Magazeti yanaandika "amri ya mkuu wa wilaya" leo, kesho "agizo la mkuu wa wilaya", kwa tukio lilelile. Ni kitu kimoja?

Mhariri: Asili zake ni mbalimbali. Amri imetoka Kiarabu, amr, mzizi uleule wa amiri. Rais wetu wa Tanzania ni Amiri Jeshi Mkuu kwa njia hiyo. Anayeamriwa hana hiari. Agizo ni letu la Kibantu, la kumtuma mtu akutimizie jambo: tunaagiza gari Japani, hatuliamuru. Waraka kwa Kiarabu ni karatasi tu.

Wakili: Mkuu, asili nimeikubali, ila hakimu atauliza kifungu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Masharti ni mazito: pawepo kosa au hatari kwa amani, sababu ziandikwe, na ndani ya saa 48 mtu afikishwe kwa hakimu au aachiwe. "Asiyekuja mkutanoni awekwe ndani" haina kifungu, hata ikitamkwa kwenye kipaza sauti.

Waraka wa wizara unawabana watumishi wake. Kumtoza raia faini kunataka sheria, au kanuni iliyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya GN, yaani Tangazo la Serikali. Watu wanaumia hapa: wanaonyeshwa barua yenye mhuri, wanalipa, namba hawaulizi.

Msomaji wa Nairobi: Huku kwetu twaandika "agizo la mahakama", na ukilipuuza unafungwa kwa kudharau korti. Basi msiseme agizo ni laini. Kifungu cha 135 cha Katiba ya 2010 kinataka uamuzi wa Rais uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Na kanuni ya waziri isipofikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, inabatilika.

Mhariri: Ndugu, kwa mahakama nakubali, Kenya mna mazoea yenu. Kwa viongozi wa utawala bado nasimama hapa: mwandishi asiandike "amri" mpaka aweze kutaja kifungu. Akikosa, aandike "agizo", au "kauli".

Wakili: Na kifungu kikiwepo, ila sababu hazikuandikwa?

Mhariri: Aandike "amri", kisha sentensi inayofuata iseme sharti gani limerukwa.