Kibanda cha chakula: nianze na Shoo ya Mkomani, tamasha la siku moja au Mama Ngina?

BintiKisauni
Asalaam aleikum wapishi wenzangu. Miaka mitatu sasa napika kwa oda huku Kisauni: mahamri, mbaazi, pilau za shughuli. Nataka nijaribu kuuza penye mikusanyiko. Nina elfu 40, jiko moja la gesi, sufuria mbili kubwa na mdogo wangu wa kunisaidia. Nimekwama kwenye mambo matatu: kukodi nafasi Shoo ya Mkomani (maonyesho ya kilimo ya hapa Mombasa) siku zote, kuingia tamasha la siku moja, au kuanza pole pole wikendi Mama Ngina, kwenye bustani ya kando ya bahari. Na nipike nini? Moyo wangu uko kwa pilau.

KaraiLaLikoni
Waleikum salaam dadangu. Shoo nimeuza misimu minne. Watu wapo, lakini si watu wale wale kila siku. Siku za katikati ya wiki ni wanafunzi na mabasi yao ya shule, na pesa zao ni za viazi, juisi na aiskrimu. Wenye familia wa kukaa chini wakala sahani huja wikendi. Mwaka wangu wa kwanza nilitia pilau sufuria nzima siku ya kufungua, jioni nikawalisha mabawabu.

Piga hesabu kabla hujatoa hata shilingi. Tuseme nafasi, usafiri, gesi na posho ya mdogo wako vimekula elfu 20. Sahani ya viazi karai (viazi vilivyochovywa donge la unga vikakaangwa) wauza 100, viungo na mafuta vimekutoka 45, umebakiwa na 55. Wahitaji sahani 364 ndipo urudi ulipoanzia. Kwa siku tano ni kama 73 kwa siku, yawezekana. Kwa siku moja, hapo sikushauri.

PilipiliNdimu
Mimi nakataa kidogo. Kwenye tamasha njaa huja kwa wakati mmoja, pale muziki unapopumzika. Hiyo saa moja ndiyo biashara yote. Pilau iliyoiva ni kuchota, kutia kachumbari, kupokea pesa, mwengine. Viazi karai vyangojea mafuta yapate moto tena kila ukitia fungu jipya, na foleni ikifika watu kumi wa nyuma wanahamia kwa jirani. Kwa hivyo Shoo ni karai, tamasha ni pilau. Usichanganye.

Ila muulize mwandalizi maswali, na majibu uyapate kwa maandishi. Mmoja, simtaji, alituahidi vibanda sita vya chakula. Tulipofika tukakuta kumi na vinne, vitano vyauza mishkaki, na maji ya kuosha mikono yako ng'ambo ya uwanja. Mvua ikaja saa kumi na moja jioni. Kodi haikurudi.

MzeeWaMarikiti
Mwanangu, makaratasi kwanza. Cheti cha afya ni cha kila anayegusa chakula, mdogo wako pia, na hupimwa upya kila miezi sita. Leseni ya kaunti uulizie mapema, na mtungi wa kuzima moto uwe nao maadamu wakaanga. Mifuko ya plastiki sahau, imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Nunua ya karatasi.

MamaChatne
BintiKisauni, pilau nakuruhusu, lakini nisikize. Wali ukipoa polepole kwenye sufuria huota vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Sumu wanayotoa haiondoki hata ukipasha mpaka mvuke utoke. Kwa hivyo usipike alfajiri ukauze alasiri kutoka sufuria iliyolala. Pika mafungu madogo mawili au matatu, weka juu ya moto mdogo, kila mara mvuke uonekane. Kilichobaki usiku si cha kesho.

Chatne ya nazi ndiyo hatari nyengine, na hii nimejifunza kwa aibu. Nilisaga ndoo nzima asubuhi, nikaifunika vizuri, kufika saa nane mchana imeanza kutoa vipovu pembeni. Mteja mmoja aliionja, akanitazama, akaweka sahani chini bila neno. Siku hizi nabeba nazi zilizokunwa ndani ya kibaridi chenye barafu na nasaga kidogo kidogo. Kama huna barafu, tumia chatne ya ukwaju. Huvumilia joto kuliko nazi.

MihogoYaForodhani
Hakuna aliyemjibu kuhusu Mama Ngina? Ni pazuri kujifunzia, hasa tangu patengenezwe upya 2019, lakini usidhani utatua meza popote. Wauzaji wa pale wana nafasi zao, na lazima upitie kwa wahusika wa kaunti. Biashara ni kuanzia saa kumi jioni. Wateja wa pale wamezoea mihogo ya kukaanga, madafu na kachri, hawatafuti sahani ya kukaa.

Halafu upepo. Kusi likivuma kutoka baharini gesi yako yazima kila dakika mbili na mafuta hayashiki moto. Chukua bati mbili, zikunje zizunguke jiko, uache upande wa kuingilia mkono. Shoo nayo huangukia msimu wa kusi, kwa hivyo bati zitakufaa kote kuwili.

KaraiLaLikoni
Bati, naam. Mimi natumia debe lililopasuliwa.

BintiKisauni
Mashallah, nimeshiba kabla sijapika. Nimeamua: wikendi nne Mama Ngina na mihogo, nikiruhusiwa, halafu nichukue nafasi Shoo siku mbili za mwisho tu, kama wanakodisha hivyo. Nikikuta hawagawi siku, nitaomba kushiriki kibanda na mtu. Pilau nitaiweka kwa Jumamosi na Jumapili ya Shoo, mafungu madogo kama alivyosema Mama. Wikendi hii nitajaribu nyumbani, nihesabu dakika ngapi karai langu latoa mihogo.

PilipiliNdimu
Kibanda cha pamoja njoo nami, nina nafasi ya meza moja. Lakini mishkaki ni yangu, usiniguse hapo.

MamaChatne
Hesabu na dakika za kuosha mikono, bibie.