Mradi umeisha, kundi la WhatsApp limeniletea balaa. Nifunge kila kitu au nipambane? Naomba ushauri

Mtumishi wa Kata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Najua humu kuna watu wa ustawi wa jamii, polisi, wanasheria, na wale wa kukosoa tu. Wote karibuni, ila matusi naomba yapumzike, leo siku yangu imekuwa mbaya.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Kwenye makaratasi nahudumia kata moja. Ukweli ni tatu, maana mbili hazina afisa. Pikipiki ya ofisi iko juu ya matofali tangu mwaka juzi.

Miaka mitatu nyuma kuna jambo lilinichosha: taarifa za ukatili kwa watoto zilikuwa zinanifikia mambo yakiwa yameshamalizwa. Wazee wa pande mbili wamekaa, ng'ombe ametolewa, mtoto kanyamazishwa, halafu mimi nasikia msibani au gulioni. Nikajiuliza, nani anapita kila mahali na kuona kila kitu? Bodaboda. Mama ntilie wa stendi. Fundi cherehani anayeshona sare za shule. Nikakusanya watu 14, nikawafundisha siku mbili: dalili za kuangalia, na kwamba kazi yao ni kutoa taarifa tu, si kumhoji mtoto wala kumpiga mtu. Tukafungua kundi la WhatsApp.

Halafu kulikuwa na suala la usiku. Huku hakuna nyumba salama, ya karibu iko mkoani, saa tatu kwa basi. Nikatafuta akina bibi sita wanaoheshimika, wakakubali kumpokea mtoto saa yoyote hadi utaratibu upatikane. Wawili wamesajiliwa kuwa walezi wa kuaminika. Wanne faili zao ziko "kwenye mchakato" tangu mradi ukiwepo.

Mpango ulifanya kazi hadi nikawa nalala na simu mkononi. Kulikuwa na mradi wa fedha za Marekani unaolipa bando, nauli na magodoro. Wageni wakaja, picha zikapigwa, nikapewa cheti. Januari 2025 fedha zikasimama, habari yenyewe mnaijua. Tangu hapo bando nanunua mwenyewe, na bibi mmoja ananidai hela ya unga.

Sasa balaa. Wiki iliyopita mmoja wetu kampiga picha mtoto mwenye majeraha akaitupia kundini, kwa nia njema kabisa. Kufika jioni iko kwenye makundi yote ya stendi. Mama wa mtoto kaja ofisini analia, mtuhumiwa ametoweka. Mkuu wangu akaniita: "Nani alikuruhusu?" Nikapekua, sina hata karatasi moja. Yeye mwenyewe yumo kwenye picha na wale wageni, lakini picha si barua.

Agizo lake: hadi Ijumaa nifunge kundi, watoto walioko kwa akina bibi warudi makwao, na niandike maelezo. Kuna mtoto mmoja yuko kwa bibi asiyesajiliwa, leo siku ya 11. Kumrudisha nyumbani ni kumrudisha kwa mtu yuleyule aliyemuumiza.

Nifunge ili kitumbua changu kisiingie mchanga, au nifanyeje?

Ngoja Waje

Nimekaa siti ya mbele. Pole mkuu.

Chai ya Tangawizi

Bodaboda ndio walinzi wa watoto? Mtaani kwetu ukiuliza mimba za wanafunzi, bodaboda hawakosi kwenye orodha. Hapo fisi amekabidhiwa bucha.

Mtumishi wa Kata

Hoja yako naipokea. Kila mmoja alikuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa kijiwe chake, na watatu niliwakataa. Lakini nakiri, baada ya hapo sikuwahi kuwapitia upya. Miaka mitatu ni mingi kwa kijana wa kijiweni.

Dawatini

Mkuu, kabla ya yote hariri uzi wako. Umetaja kata, umri wa mtoto na kazi ya baba. Mtu wa huko akisoma dakika moja anajua ni nani. Umekuja kulalamikia picha iliyovuja na wewe unavujisha kwa maandishi.

Mtumishi wa Kata

Nimehariri. Asante, na nimeona aibu.

Dawatini

Sawa. Nafanya kazi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wapi haikuhusu. Mambo mawili tu.

Mtoto wa siku ya 11 ndiye jambo la leo, hayo mengine yatasubiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kumtoa mtoto hatarini ukiongozana na polisi, ila ni kwa siku za kuhesabika, baada ya hapo mahakama ndiyo inasema. Zikipita kimya, kesho ukoo wakija na wakili wao utaonekana wewe ndiye unayemshikilia mtoto wa watu. Jalada limefunguliwa? PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ipo? Kesho asubuhi nenda dawatini na faili, mkitoka hapo mwende Mahakama ya Watoto. Usisubiri Ijumaa.

La pili: kufunga kundi ni sawa, kulifuta ni kosa. Mle ndani mna nani alituma nini saa ngapi, na mtuhumiwa ametoroka. Simu ya aliyepiga picha ni kielelezo. Mwambie asifute kitu.

Fundi Umeme

Mimi nasema funga. Nilikuwa kama wewe, mkoa mwingine, nilikuwa nawapeleka watoto shule kwa bajaji ya rafiki yangu. Siku bajaji ilipopinduka, hakuna aliyekumbuka watoto niliowarudisha darasani. Nilisimamishwa kazi miezi saba. Nikarudishwa, nikaacha mwenyewe. Leo nauza nyaya na swichi, nalala saa tatu usiku. Serikali haikutuma uwe shujaa.

Mtumishi wa Kata

Ndugu, hii imenigusa kuliko zote. Usiku wa jana niliwaza hivyohivyo.

Mzee wa Faili

Kijana, mimi nimestaafu, nasema bila kuogopa barua. Shida yako si bodaboda wala WhatsApp. Shida ni kwamba jambo zima linaishi kwenye simu yako. Ukilala na malaria wiki moja, mtoto hana pa kupelekwa. Ukihamishwa kesho, anayekuja hakuti kitu isipokuwa bibi anayedai unga.

Miaka ile ukimwi unamaliza wazazi, niliwapangia yatima kwa majirani kwa mdomo tu. Nilijiona mjanja: wenzangu wanajaza fomu, mimi naokoa watoto. Wengi wao sasa ni watu wazima, wengine hunisalimia sokoni. Mmoja alichukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 11, na hakuna aliyejua hadi shangazi yake alipokuja kumtafuta. Akaniuliza: alichukuliwa na nani, lini, kwa idhini ya nani? Nikafungua kabati. Faili hakuna. Tulimpata baada ya miezi minane, na hali tuliyomkuta nayo sitaieleza humu.

Kwa hiyo Ijumaa usipeleke maelezo ya kujitetea. Peleka karatasi mbili. Moja ieleze kilichotokea, tarehe na saa, pasipo kumsingizia mtu. Ya pili iwe dokezo la kuomba maamuzi. Humo andika hatari za mpango ulivyo sasa, usizifiche hata moja, pamoja na hao bibi wanne wasio na usajili. Chini yake andika hatari za kuufunga: mtoto fulani, namba ya shauri fulani, atarudi nyumba fulani. Mkuu wako ameagiza kufunga kwa sababu hadi sasa ameona hatari ya upande mmoja. Mwombe aandike kwa mkono wake juu ya dokezo kwamba mtoto arudishwe. Miaka 31 kazini sijaona bosi aliyeandika sentensi hiyo.

Mkaguzi Mpole

Nakazia kwa Mzee. Niongeze kitu ambacho watu wa ustawi mnakidharau: halmashauri yako inatakiwa kuwa na rejista ya vihatarishi, na kuna mtu ni mratibu wake. Watu hudhani mle huandikwa moto na wizi wa fedha tu. Mtoto kukosa pa kulala usiku ni kihatarishi. Taarifa za mtoto kuvuja ni kihatarishi. Kila kimoja huandikiwa mmiliki na hatua za kukipunguza. Kwa sasa mmiliki wa vyote ni wewe, bila maandishi, ndiyo maana umeulizwa peke yako. Kikiingia kwenye rejista kinakuwa cha idara, na robo mwaka ikifika wanakiulizia.

Ila dokezo liwe na adabu. Usimtege. Naye anaogopa, yumo kwenye zile picha.

Hela sasa. Bando 14 kwa 10,000 ni 140,000 kwa mwezi, 1,680,000 kwa mwaka. Mapato ya ndani hayashindwi hapo. Tatizo lenu mnakuja Mei wakati mwaka wa fedha unaanza Julai na vitabu vimeshafungwa. Andiko lako liwe mezani wakati wenzako wanaanza kupika bajeti, na lipite kwanza Kamati ya Maendeleo ya Kata ili diwani alijue.

Wakili wa Mchana

Mimi nauliza, hilo kundi la nini hasa? Watu 14 wote wana haja gani kujua jina la mtoto? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto zimo kwenye taarifa nyeti. Mwenye taarifa ampigie mtu mmoja. Asipopatikana apige 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Wewe unafungua shauri, unalipatia namba, basi. Mpango wako unabaki uleule, na bando hata hulihitaji tena.

Ngoja Waje

Wakili kamaliza kazi 😂

Binti wa Leeds

Salamu kutoka baridini. Nafanya kazi hii Uingereza mwaka wa tisa. Naomba niwape tahadhari ya upande wa pili, maana naona uzi unaelekea kwenye karatasi.

Huku kuna mtoto anaitwa Victoria Climbié, alitoka Ivory Coast, alifia London Februari 2000 kwa mateso ya walezi wake, akiwa na miaka minane. Alikuwa ameonwa na ustawi wa jamii, polisi na hospitali, kila mmoja ana kipande chake cha taarifa. Uchunguzi wa Lord Laming ulitoka 2003, na mabadiliko yaliyofuata yakaja na taratibu nyingi sana. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro, aliyepewa na serikali kazi ya kuupitia mfumo, akasema maafisa wamezama kwenye kufuata taratibu hadi muda wa kukaa na mtoto umepungua, na kwamba hakuna mfumo utakaoondoa hatari yote. Mimi mwenyewe kuna wiki najaza kompyuta siku tatu.

Kwa hiyo jaza, lakini kidogo. Ukurasa mmoja kwa mtoto. Na usikubali kundi la bodaboda libadilishwe na fomu ambayo hakuna mama ntilie atakayeijaza.

Mzee wa Faili

Binti, umenena. Fomu yangu ya ndoto ina mistari mitano.

Mswahili wa Likoni

Majirani, kwetu Kenya wazee wa mitaa na machifu ndio masikio ya afisa wa watoto, na kelele za "mambo yamemalizwa nyumbani" ni zilezile. Kilichotufaa sisi Waislamu ni Sheria ya Watoto ya 2022 kuitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa utaratibu wa Kiislamu, kwani watu walikuwa wakilea watoto wa wenzao tangu zamani ila serikali haiwaoni. Hao bibi zako wanne wasibezwe ati hawana karatasi. Wafuatilieni hizo karatasi hadi zitoke. Faili kukaa miaka mitatu, mwenye kosa ni bibi?

Mtumishi wa Kata

Wakuu, MREJESHO. Leo Jumapili, nimepata utulivu kidogo.

Jumanne nilikwenda dawatini, Alhamisi tukawa mahakamani. Amri ya muda imetoka, ila mlezi lazima awe aliyesajiliwa. Kwa hiyo mtoto amehamishwa kwa bibi mwingine, kijiji cha pili. Alikuwa ameanza kumzoea yule wa kwanza, alilia njia nzima amening'ang'ania shati. Kisheria ni sahihi. Bibi wa kwanza hanisemeshi.

Kundi limefungwa bila kufutwa. Simu ya aliyepiga picha imechukuliwa na polisi, naye anaitegemea kupata abiria, kwa hiyo kijiweni hapakaliki. Vijana wawili wamejitoa. Waliobaki nimewapa namba moja tu ya kupiga na ile 116.

Dokezo nilipeleka Ijumaa saa mbili asubuhi. Mkuu alilisoma mara mbili, akauliza nani amenisaidia kuandika. Hakusaini popote. Saa tisa akaniita: bibi wawili waliosajiliwa waendelee, wanne wasimame hadi faili zikamilike, na Kamati ya MTAKUWWA ya kata, ile ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ipitie mpango kila mwezi. Maelezo yangu yameingia kwenye faili langu binafsi, sijui yatazaa nini. Rejista ya vihatarishi ilipo bado natafuta, mratibu yuko likizo.

Fundi Umeme, nimekufikiria sana. Namba yako ya nyaya nitumie faragha, huwezi kujua.

Chai ya Tangawizi

Hongera kwa mrejesho. Swali dogo: bibi ni wawili, mmoja tayari ana mtoto. Usiku wa leo wakija wawili unawapeleka wapi?

Mtumishi wa Kata

Nimemwandikia mkuu swali hilohilo jana jioni, nakala ninayo. Hajajibu.