Testi ya kukanseli thredi inaganda, na hendla naiona inaitwa!

chapa_C:
Wakuu habari. Nina programu ya C kwenye Linux, thredi moja (njia ya kazi inayoenda sambamba na nyingine ndani ya programu) inasoma data kwa read() halafu inashika myuteksi (kufuli linaloshikwa na thredi moja tu kwa wakati) inakaa kwenye pthread_cond_wait() kusubiri zamu, ambayo inaachia myuteksi wakati inasubiri. Testi yangu inaanzisha thredi, inalala kidogo na usleep(), inaita pthread_cancel() kuikanseli (kuiagiza iishe) kisha pthread_join() kusubiri iishe. Hendla (fanksheni ya kusafisha thredi ikikanseliwa) niliyoiweka kwa pthread_cleanup_push() inafanya free() ya bafa (memori ya kushikia data) na naiona inaitwa kabisa. Sasa mara testi inapita freshi, mara testi inayofuata inaganda kwenye pthread_mutex_lock() mpaka niiue. Tatizo nini?

mzee_wa_gdb:
Hapo mlango umefungwa na mwenye ufunguo ameshazikwa mkuu. Thredi ikikanseliwa ndani ya pthread_cond_wait(), POSIX (kiwango cha mifumo kama Linux) inataka ishike tena myuteksi KWANZA ndo hendla ziitwe, na hendla yako inafanya free() tu haifungui kitu. Ikikutwa bado iko kwenye read() haijashika chochote, ndo maana siku hiyo inapita, yaani hiyo usleep() ni bahati nasibu. Ukishaloki tu, push hendla ya kuanloki hapohapo (pthread_mutex_lock() sio sehemu ya kukanseli, yaani thredi haiwezi kukatwa ikiwa humo, kwa hiyo hakuna mwanya katikati), chini malizia na pthread_cleanup_pop(1). Iliyowekwa mwisho ndo inaitwa kwanza, so itaanloki kabla ya free().

chapa_C:
Imekubali mkuu, shukrani. Na usleep() niweke nini badala yake? Nataka uhakika kwamba iko ndani ya cond_wait.

dada_sistimu:
Tumia bendera. Thredi ikishashika myuteksi iweke tayari=1, ipige signali kwenye kondisheni nyingine (kitu ambacho thredi inasubiria taarifa), halafu iingie wait bila kuachia myuteksi katikati. Main nayo isubiri tayari chini ya myuteksi hiyohiyo, ikiipata basi thredi imeshaingia wait maana hakuna sehemu nyingine ingeiachia. Hapo ndo ukanseli. Na watu wanaona join imerudisha 0 wanafurahi, hiyo haikwambii kitu, angalia thamani iliyorudishwa na thredi ni PTHREAD_CANCELED (alama kwamba ilikanseliwa), kisha piga pthread_mutex_trylock() inayojaribu kuloki bila kusubiri, ukipata EBUSY (myuteksi bado imeshikwa) hendla haijafanya kazi.

mzee_wa_gdb:
Dada kamaliza. Ila chapa_C usije ukafanya return katikati ya push na pop, na kama una mpango wa kuipeleka Android ujue kule pthread_cancel() haipo kabisa, itabidi thredi iwe inaangalia bendera ya kuacha kazi yenyewe.