Watengeneza makasha madogo ya kompyuta, andikeni vipimo vya kweli!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Wiki tatu nafunga na kufungua mashine moja, na kila ilipokwama chanzo kilikuwa kile kile: namba kwenye tangazo ambayo ikisimama peke yake ni kweli, ikikutana na namba ya jirani yake inageuka uongo.

Kasha lenyewe halifiki lita 10. Ubao mama ni Mini-ITX, ule wa milimita 170 kwa 170, na pawa saplai ni SFX, yaani ile ya umbo dogo. Tangazo linasema kasha linapokea kipoza joto cha prosesa chenye kimo cha milimita 70, na kadi ya grafiki yenye unene wa nafasi tatu. Nikanunua vyote viwili kwa kufuata hayo. Kufungua boksi, nakuta katikati kuna ukuta unaosogezwa. Ukiusogeza ili kadi nene iingie, kipoza joto kinabakiwa na milimita 48. Ukiurudisha, kadi inayoingia ni ya nafasi mbili tu. Maelezo hayo yameandikwa, lakini kwenye kijitabu kilichomo ndani ya boksi, ambacho mtu anakisoma akiwa keshalipa!

Kilichoniuma kuliko vyote ni kebo ya raiza, ile inayopita nyuma ya ukuta kuunganisha kadi na ubao mama. Imeandikwa PCIe 4.0, yaani toleo la njia ambayo kadi na ubao mama hupitishiana data. Nawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nikachomoa RAM nikairudisha. Nikabadilisha waya wa skrini. Nikaishuku kadi, nikaishuku pawa saplai, nikafika mahali pa kufunga mzigo nirudishe ubao mama ambao ulikuwa mzima kabisa. Siku nne zimekwenda. Mwishowe nikaing'oa kadi, nikachomeka skrini kwenye ubao mama maana prosesa yangu ina grafiki ya ndani, nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, na kulazimisha PCIe 3.0 badala ya Auto. Nikairudisha kadi, picha ikaja papo hapo. PCIe 4.0 inasukuma data kwa kasi mara mbili ya 3.0, na kebo hii haiimudu kasi hiyo. Kwenye gemu tofauti ni ndogo, nakubali. Lakini asiye na grafiki ya ndani angeingiaje BIOS gizani? Angerudisha kadi nzima kwa kosa la kebo.

Halafu plagi ya umeme ya kadi. Urefu wa kadi wameupima, unene wameupima, plagi inayochomoza ubavuni hakuna aliyeikumbuka. Kwa plagi ya 12VHPWR, ile ya umeme ya kadi kubwa za kisasa, ushauri unaojulikana ni kutoukunja waya kabla ya milimita 35 kutoka kwenye plagi. Mwaka 2022 tuliona plagi hizi zikiyeyuka kwenye kadi za RTX 4090, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kutoingizwa hadi mwisho. Sasa kwenye kasha ambalo mfuniko wa ubavuni unaukandamiza waya, hata jicho halifiki kuona kama plagi imekaa. Hilo ni suala la usalama, tena mtu anaweza kuwa amelala mashine ikiwa inafanya kazi.

Na wati. Prosesa ya AM5 (soketi ya AMD) iliyoandikwa wati 105 inaruhusiwa kuvuta hadi 142, na ya 170 hadi 230. Kipoza joto changu kipya cha milimita 47 hakiwezi kabisa, nyuzi 95 zinafika ndani ya sekunde chache. Tangazo la kasha lilisema linafaa kuovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi kuliko ilivyowekwa kiwandani! Kwenye boksi dogo hivi, kuovakloki kwa kuongeza voltaji ni kupoteza muda, kwa sababu matumizi ya umeme yanapanda kwa mraba wa voltaji. Nimeweka kikomo cha wati 88, nimeshusha voltaji kwa Curve Optimizer, mpangilio uliomo kwenye BIOS, kori moja baada ya nyingine, na spidi imepanda yenyewe kuliko nilipokuwa nailazimisha. Iko imara sasa, siku ya sita hii.

Ninachodai ni kitu kimoja: jedwali kwenye tangazo, linaloonyesha unene wa kadi na kimo kinachobaki kwa kila nafasi ya ukuta, plagi ikiwa imechomekwa.

Wenye makasha ya aina hii, pimeni kwa rula mashine ikiwa imefungwa, mweke hapa. Yangu: kadi milimita 60, kimo kilichobaki 48, kutoka plagi hadi mfuniko 19.